Je, chuo cha kanisa ni lazima kiache mizizi yake?



Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa serikali yakitoka, familia nyingi za Lubumbashi hukaa chini na kufanya hesabu. Mtoto amefaulu, sasa aende wapi? Kwa familia iliyokimbia Kasai, Pweto au Mitwaba na kupanga chumba Katuba au Ruashi, minervali ya univesite ni mzigo wa ukoo mzima. Na katika makanisa yetu mjadala hauishi kwenye pesa. Wazee wengine wanasema kwamba mtoto akiingia univesite atarudi bila imani. Wengine wanataka kanisa lijenge chuo chake. Halafu husimama mtu wa tatu na kusema kwamba hata vyuo vya kanisa mwishowe hugeuka kuwa kama vyuo vingine, na mara nyingi mfano anaoutaja ni Wamennonite wa Marekani.

Tumeona vema kulichunguza neno hilo la mtu wa tatu. Wamennonite ni wengi nchini kwetu; Kongo ni moja ya nchi zenye Wamennonite wengi zaidi duniani. Baadhi ya waliofika Lubumbashi kutoka upande wa Tshikapa walibatizwa katika kanisa hilo. Tena ni watu wanaojulikana kwa fundisho la kukataa silaha, na kwa sababu hiyo habari ya vyuo vyao inamhusu kila anayefanya kazi ya upatanisho, awe Mkatoliki, Mmethodisti, Mkimbangu au Mwislamu.

Watu walioiogopa shule

Wamennonite walianza Ulaya katika karne ya 16. Mwaka 1525 huko Zürich kikundi kidogo kilibatizana kikiwa cha watu wazima, jambo ambalo serikali na makanisa makubwa ya wakati ule waliliona kuwa kosa la kustahili kifo. Jina lao limetoka kwa Menno Simons, padri wa nchi ya Uholanzi aliyeacha upadri mwaka 1536 na kujiunga nao. Waliamini kwamba mfuasi wa Kristo hachukui upanga, haapi mahakamani, na hamlazimishi mtu imani.

Viongozi wao wa kwanza waliosoma waliuawa mapema, na waliobaki wakakimbia. Walihama kutoka Uholanzi kwenda Prussia, kutoka Prussia kwenda Urusi, kutoka Uswisi kwenda Ujerumani, na hatimaye wengi wakavuka bahari hadi Amerika. Kwa hiyo historia yao ni historia ya wakimbizi. Walijificha mashambani, wakalima, wakaoana wao kwa wao, wakavaa nguo za namna moja. Kwao msomi alikuwa mtu wa mji, na mji ndiko walikotoka mahakimu waliowahukumu baba zao. Uhafidhina wao haukuwa ukaidi wa wazee tu. Ulikuwa ukuta wa kuwalinda watu walioteswa, na hili familia zetu zilizohama zinaweza kulielewa upesi kuliko wengi.

Yaliyotokea Marekani

Mwishoni mwa karne ya 19 vijana wao walianza kutaka elimu ya juu, na kama kanisa halina chuo, waliondoka kwenda vyuo vya wengine bila kurudi. Hapo ndipo Goshen College ilipozaliwa. Shule iliyoitangulia ilifunguliwa mwaka 1894 katika mji wa Elkhart, jimbo la Indiana, na mwaka 1903 ikahamia Goshen. Haukupita muda mrefu mapigano ya maneno yakaanza. Maaskofu walilalamika kuhusu mavazi ya wanafunzi, michezo, na mawazo ya walimu waliotoka kusoma katika vyuo vikuu vikubwa. Mwaka 1923 halmashauri ya elimu ya kanisa ilifanya jambo ambalo ni wachache wangelithubutu: ilikifunga chuo kwa mwaka mzima. Kilipofunguliwa tena mwaka 1924 kilikuwa na rais mpya na walimu wengi wapya. Baadhi ya walimu na wanafunzi wa zamani walienda vyuo vingine, na wengine waliacha kabisa kuwa Wamennonite. Chuo kilirudishwa kwenye mstari, lakini kanisa lilipoteza sehemu ya kizazi kimoja cha wasomi wake.

Kabla ya hapo, waliokuwa na wasiwasi na Goshen walikuwa wamekwisha kuanzisha chuo chao huko Harrisonburg, jimbo la Virginia, mwaka 1917. Leo kinaitwa Eastern Mennonite University. Kilijengwa kwa kusudi la kuwalinda vijana: mavazi ya kiasi, wanawake kufunika kichwa, hakuna anasa za mjini. Kama kuna chuo ambacho mtu angekisia kwamba hakitabadilika, ni hicho.

Nacho kilibadilika. Badiliko moja lilikuja mwaka 1948, kilipoanza kupokea wanafunzi weusi, wakati desturi na sheria za Virginia zilikuwa bado zinawatenga. Sheria za mavazi zilikwisha pole pole miaka iliyofuata. Mwaka 1994 chuo kilianzisha masomo ya kugeuza migogoro, mmoja wa waanzilishi akiwa John Paul Lederach, ambaye vitabu vyake juu ya upatanisho vinatumika katika warsha nyingi za Kongo hata pale ambapo hakuna anayelijua jina lake. Leymah Gbowee wa Liberia, aliyewaongoza wanawake Wakristo na Waislamu kudai mwisho wa vita nchini mwake, alipata shahada ya pili hapo mwaka 2007, na mwaka 2011 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Yeye ni Mlutheri. Dekha Ibrahim Abdi wa Wajir, kaskazini mwa Kenya, mwanamke Mwislamu aliyewapatanisha wafugaji wa koo zilizokuwa zikiuana, alikuwa miongoni mwa waliofundisha katika mafunzo ya chuo hicho.

Hapo ndipo swali linapokuwa gumu. Waanzilishi wa mwaka 1917 wangeingia leo katika darasa hilo, wakamwona mwanamke Mwislamu akifundisha, wangesema nini? Pengine wangesema chuo kimepotea. Lakini kama wangekaa na kusikiliza alichokuwa akifundisha, kwamba adui hashindwi kwa bunduki na kwamba wazee, wanawake na vijana wa pande zote lazima wakae pamoja, wangetambua fundisho lao wenyewe.

Hatusemi kwamba mabadiliko yote yamewafurahisha waumini. Mwaka 2015 Goshen na Eastern Mennonite University ziliamua kwamba zinaweza kuajiri watu walio katika ndoa za jinsia moja, na mwaka huo huo zikajitoa katika umoja wa vyuo vya Kikristo uliokuwa ukigawanyika kwa ajili yao. Mwaka huo pia jimbo kubwa la kanisa huko Lancaster, lile lililotuma wamisionari wa kwanza wa Kimennonite Tanganyika mwaka 1934, lilipiga kura ya kuliacha kanisa la kitaifa la Wamennonite wa Marekani. Wachungaji wengi wa Afrika waliposikia habari hizi walisema: tazameni, tuliwaambia. Wana haki ya kusema hivyo. Tunapoeleza jambo hili hatuna budi kuliweka mezani pamoja na mengine.

Na kuna vyuo ambavyo havikuhama hivyo. Rosedale, huko Ohio, kilichoanza mwaka 1952 chini ya Wamennonite wahafidhina, kimebaki karibu sana na makanisa yake. Lakini kimebaki kidogo, kinafundisha Biblia hasa, na hakijajaribu kuwa univesite yenye kila kitivo. Kwa hiyo neno "lazima" halisimami.

Kinachosukuma badiliko

Wamennonite si wa kwanza kupita njia hii. Harvard, univesite tajiri kuliko zote duniani, ilianzishwa mwaka 1636 ili kanisa la wahamiaji wa Kiingereza lisikose wachungaji wenye elimu. Yale ilianzishwa mwaka 1701, na baadhi ya walioiunga mkono walikuwa wanaona Harvard imeanza kulegea. Leo zote mbili si vyuo vya kanisa. Padri mmoja Mkatoliki, James Burtchaell, alichunguza historia ya vyuo 17 vya makanisa mbalimbali ya Marekani na kuitoa katika kitabu kikubwa mwaka 1998. Alichokiona kinafaa kusomwa na kila halmashauri ya kanisa: mara nyingi si maadui wa dini waliovitenga vyuo na makanisa yao. Ni marafiki. Ni wakuu wa vyuo waliolipenda kanisa, wakafanya uamuzi mmoja mdogo baada ya mwingine, kila mmoja ukiwa na sababu nzuri.

Sababu ya kwanza kila mahali ni pesa. Chuo cha theolojia pekee hakijazi madarasa. Vijana wengi wanataka sheria, uchumi, tiba, informatika, kwa sababu wanataka kazi, na wazazi wao wanataka hivyo pia. Chuo kinafungua vitivo hivyo ili kiweze kulipa walimu wake. Wanafunzi wapya hawatoki tena katika kanisa mama, wanatoka kila mahali. Walimu wa sheria na tiba wanatafutwa kwa vyeti vyao, na ni vigumu kupata daktari mwenye cheti cha juu ambaye pia ni wa kanisa lako. Baada ya miaka 20 wengi wa walimu hawalijui fundisho la kanisa, hata kama hawalipingi. Halafu baraza la chuo linaona kwamba maaskofu wake hawaelewi mambo ya vyeti na maktaba, linaongeza wanasheria na wafanyabiashara. Hakuna aliyeasi. Lakini siku moja ibada ya asubuhi inakuwa ya hiari, na baadaye inakuwa haipo.

Wamennonite walijaribu kuuzuia mteremko huo kwa njia mbili. Njia ya sheria, yaani mavazi na makatazo, haikudumu katika vyuo vikubwa. Njia ya pili ilikuwa kuligeuza fundisho kuwa kazi. Mwaka 1968 Goshen ilianza utaratibu wa kuwatuma wanafunzi nchi nyingine kwa muhula mzima, wajifunze lugha, waishi katika nyumba za watu na kutumika. Kijana aliyekwenda alirudi na jambo ambalo hotuba haiwezi kumpa. Na mjadala juu ya amani haukufa: mwaka 2010 Goshen iliruhusu wimbo wa taifa upigwe kabla ya michezo, wimbo unaotaja roketi na mabomu; wengi walipinga, na mwaka 2011 baraza likaurudisha uamuzi nyuma. Mtu anaweza kuuona huo kuwa ugomvi wa vitu vidogo. Mimi naona chuo kinachogombana kwa ajili ya wimbo kama huo bado kinakumbuka kilikotoka.

Hapa kwetu mkono ulikuwa wa serikali

Tukirudi Kongo, hadithi inabadilika. Huwezi kuieleza historia ya vyuo vyetu vya kanisa kwa kusema tu kwamba imani ilipoa.

Univesite ya Lubumbashi yenyewe ilizaliwa katika mabishano ya dini na serikali. Wakatoliki walikuwa wamefungua Lovanium karibu na Léopoldville mwaka 1954. Waziri wa makoloni wa wakati ule, Auguste Buisseret, alikuwa wa chama cha Liberali, na upande wake ulitaka Waafrika wapate pia elimu isiyo chini ya mapadri. Mwaka 1956 univesite ya serikali ikafungua milango Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Kwa hiyo mji wetu ulipata univesite isiyo ya kanisa kwa makusudi kabisa. Waprotestanti walikuja nyuma: mwaka 1963 makanisa yao, Wamennonite wakiwa sehemu ya baraza lao, yalifungua Université Libre du Congo huko Stanleyville, leo Kisangani. Mwaka uliofuata waasi wa Simba waliuteka mji, na univesite ikahamia Léopoldville kwa muda, nayo ikawa univesite iliyokimbia vita.

Mwaka 1971, baada ya ghasia za wanafunzi, Mobutu aliziunganisha zote tatu kuwa univesite moja ya taifa, UNAZA. Kwa amri moja makanisa yalipoteza kilichokuwa kimejengwa kwa sadaka za miaka. Vitivo vya theolojia vilitolewa nje ya UNAZA katikati ya miaka ya 1970. Mwisho wa mwaka 1974 serikali ilitwaa pia shule za msingi na sekondari za makanisa, na somo la dini likaondolewa. Mambo yalipoharibika, serikali iliwaita viongozi wa dini warudi: tarehe 26 Februari 1977 ulitiwa sahihi mkataba uliozirudisha shule mikononi mwa makanisa kuziendesha, huku serikali ikibaki na jukumu la programu na mishahara. Kila mzazi anayesoma ukurasa huu anajua mishahara hiyo ililipwaje katika miaka ya 1990. Wazazi ndio waliobeba shule kwa ile pesa ya primu, hadi masomo ya msingi ya shule za serikali na za mkataba yalipotangazwa kuwa bure mwaka 2019.

UNAZA iligawanywa mwaka 1981, lakini univesite zilizotoka humo zilibaki za serikali. Makanisa yalilazimika kuanza upya. Kitivo cha theolojia cha Waprotestanti kilichofukuzwa kiliendelea peke yake Kinshasa, na kutoka katika mbegu hiyo ilikua Université Protestante au Congo, ambayo leo ina sheria, uchumi na tiba. Bunia, shule ya theolojia iliyoanza mwaka 1961 ikawa Université Shalom mwaka 2007. Katanga, Wamethodisti walipanua kazi yao ya Mulungwishi kutoka shule ya wachungaji hadi univesite. Angalieni mwelekeo: njia ile ile ya Goshen, kutoka Biblia kwenda vitivo vingi, lakini hapa ilipitiwa na makanisa ambayo yalikuwa yamenyang'anywa kila kitu na kurudishiwa madeni.

Ndugu zetu wa Ethiopia walipita mahali pagumu zaidi. Shule ya sekondari ya Wamennonite huko Nazareth, ambayo leo inaitwa Adama, ilitwaliwa na serikali ya Derg mwaka 1982 pamoja na mali zote za kanisa la Meserete Kristos. Kanisa likaenda kujificha katika nyumba za watu, na huko likaongezeka mara nyingi. Lilipotoka mafichoni lilifungua chuo chake mwaka 1994 Addis Ababa, baadaye kikahamia Bishoftu. Chuo hicho hakijapoteza mizizi, na sababu moja ni wazi: kilijengwa na watu waliokuwa bado wanakumbuka mikutano ya usiku.

Ni mzizi upi tunaoulinda?

Tunaposema "mizizi ya kihafidhina" tunataja vitu vingi kwa jina moja. Kuna mavazi, kuna kukataa pombe, kuna namna ya kuimba, kuna ibada ya kila siku, na kuna kukataa kumwua jirani. Vitu hivi havianguki pamoja. Chuo kinaweza kuacha vazi na kubaki na amani, kama tulivyoona. Na kinyume chake pia hutokea, nacho ndicho kinachopaswa kututisha sisi wa Lubumbashi: chuo kinaweza kushika kila sheria, wasichana wakavaa vizuri, wavulana wasinywe, ibada ikafanyika saa kumi na mbili asubuhi, huku nafasi zote za kazi zikigawanywa kwa kabila.

Wamennonite wa Kongo wanalijua jambo hili kwa uchungu. Kazi yao ilianza Ndjoko Punda na Kalamba, katika Kasai, mwaka 1912. Kwa karibu miaka 50 watoto wa Waluba, Walulua, Wapende na wengine walikaa darasa moja. Mwaka 1959 na 1960 vita vya Waluba na Walulua vilipolipuka, Waluba wengi waliokuwa walimu na wahubiri katika vituo hivyo walilazimika kukimbilia Kasai ya Kusini, upande wa Bakwanga, ambayo leo ni Mbuji-Mayi. Wamisionari wenyewe waliondoka Julai 1960. Wakimbizi walianza kukusanyika kwa maombi kule walikofika, na kutoka kwao likatokea kanisa jingine, Communauté Évangélique Mennonite, lenye makao Mbuji-Mayi. Hadi leo ni kanisa tofauti na lile la Tshikapa. Mgawanyiko huo haukuletwa na profesa wala na mawazo mapya kutoka Ulaya. Watu wa fundisho la amani waligawanywa na kabila kabla hawajawa na univesite hata moja.

Katanga nayo ilipata zamu yake. Mwaka 1992 na 1993 watu wa asili ya Kasai, wengi wao wakiwa wamezaliwa hapa hapa na baba zao wakiwa wafanyakazi wa Gécamines, walifukuzwa Likasi na Kolwezi kwa mamia ya maelfu. Walikaa stesheni ya Likasi wiki na miezi wakingoja treni, na wengi walikufa pale au njiani. Waliofukuza na waliofukuzwa walikuwa wamesoma katika shule zile zile, nyingi zikiwa za makanisa. Hakuna aliyewafundisha chuki katika somo la dini. Lakini pia si wengi waliofundishwa nini cha kufanya siku ambayo mkubwa wa kisiasa anasimama na kusema kwamba jirani yako ni mgeni.

Kisha ikaja vita ya Kamuina Nsapu. Baada ya kuuawa kwa chifu Jean-Prince Mpandi Agosti 2016, Kasai yote iliwaka. Watu kama milioni 1.4 walikimbia makao yao, mamia ya shule yalishambuliwa, na nchi ya zamani ya Wamennonite ilikuwa katikati ya moto. Ni wakati huo ambapo jina la Eastern Mennonite University lilisikika Kasai kwa namna ambayo hakuna aliyeitaka. Michael Sharp, Mmarekani aliyemaliza masomo hapo mwaka 2005, alikuwa amefanya kazi na makanisa ya Kiprotestanti ya mashariki mwa Kongo kuanzia mwaka 2012 hadi 2015. Alikwenda bila silaha hadi kambi za wapiganaji wa FDLR, akaketi nao, akanywa chai yao, akawashawishi warudi nyumbani. Baadaye alijiunga na wataalamu wa Umoja wa Mataifa. Tarehe 12 Machi 2017 aliuawa Kasai ya Kati pamoja na Zaida Catalán wa Uswidi walipokuwa wakichunguza mauaji. Mwaka 2022 mahakama ya kijeshi ya Kananga iliwahukumu makumi ya watu kwa mauaji hayo.

Hakuvaa koti la kizamani la Wamennonite. Kuhusu mzizi wa amani, tuhukumu wenyewe.

Kwa viongozi wanaotaka kuanzisha chuo

Makanisa kadhaa ya Haut-Katanga yana ndoto ya taasisi ya juu, na baadhi ya viongozi wa jamii zilizohama wanaombwa kuchangia. Kabla ya kutoa hata franga moja, ombeni kuona katiba ya chuo, na someni ukurasa unaosema nani anateua baraza. Kama baraza linajiteua lenyewe, kanisa litabaki na jina tu ubaoni. Kama baraza lote ni la watu wa eneo moja, mnajenga chuo cha ukoo. Ulizeni pia wangapi kati ya walimu wa sheria na informatika wanatakiwa kushiriki mafunzo ya upatanisho, kwa maana somo la amani likiachiwa kitivo cha theolojia peke yake, mwanasheria wa kesho hatalisikia kamwe. Na lisiwe somo la darasani tu. Lubumbashi ina maeneo ya watu waliohama, ina migogoro ya viwanja, ina vijana wa makabila mbalimbali wanaochimba machimbo yale yale. Mwanafunzi atumwe huko muhula mmoja, akae na watu, aandike alichokiona, apewe alama.

Wengine wataona kwamba haya yanagharimu, na ni kweli. Ibada na sheria za mavazi hazina gharama, ndiyo maana chuo maskini huzishika kwanza.

Jambo la mwisho linahusu viti. Chuo kinachoishi kwa minervali peke yake kitakuwa cha wale wanaoweza kulipa, na familia za kanisa lililokianzisha, hasa zilizopoteza shamba na nyumba, zitabaki nje ya ukuta zikitazama. Baada ya kizazi kimoja hakutakuwa na sababu ya chuo hicho kulisikiliza kanisa hilo, kwa kuwa watoto wake hawamo ndani. Kwa hiyo viongozi waombe kwa maandishi, tangu mwaka wa kwanza, idadi ya nafasi kwa vijana waliohama, ikitajwa kwa tarakimu na si kwa ahadi. Na waombe utaratibu kwa wale ambao karatasi zao ziliungua Kasai au zilibaki Mitwaba: mwanafunzi apokewe kwa muda kwa ushahidi wa mkuu wa shule yake ya zamani au wa walimu wawili waliomfundisha, wakati ofisi ya chuo ikimsaidia kufuatilia nakala ya diploma yake Kinshasa. Kijana peke yake hawezi kumaliza safari ya karatasi hizo. Ofisi yenye muhuri inaweza.